Tuulize kwanza: kiatu kinaachia?

Wenye watoto Ubelgiji au Ufaransa huenda wamesikia habari za skibodi: vibao viwili vifupi, mara nyingi chini ya sentimita 100, vya kuteleza juu ya theluji bila fimbo. Mchezo huu ulienea miaka ya 1990. Vijana wanaupenda kwa sababu kibao kifupi hugeuka upesi, hata mtu wa siku ya kwanza anajiona fundi.

Hapo mimi sikubali. Ski ndefu za kawaida zina kibanio kinachoachia kiatu mtu akianguka vibaya. Skibodi nyingi hazina. Kiatu kinabaki kimefungwa, kibao kinageukia upande wake, na mfupa wa muundi unasokotwa mpaka unavunjika. Mvunjiko huo huponywa kwa miezi, si kwa juma.

Basi anayeanza akodi zenye kibanio kinachoachia, fundi akirekebishe kwa uzito wake. Avae kofia ngumu (sisi wa mgodi hatuna haja ya kufundishwa hilo). Achague mteremko mdogo, apinde magoti, wala asiegemee nyuma, maana mkia ule mfupi haumshikilii. Na kabla ya mbio, ajue kusimama.

Mtoto akiomba fedha za skibodi, mzazi aulize kibanio kabla ya bei.