Apigwaye Naye Ni Mchezaji

Wako watu wengi, na baadhi yao ni walimu wenzangu, washikao neno hili: kwamba katika mchezo wa kuchekesha mchezaji ni mmoja tu, na waliobaki ni vyombo vya jukwaani, kama kiti na meza. Neno hili ni la uongo, na madhara yake nayaona kila muhula hapa Jericho. Mwanafunzi akipewa sehemu ya askari au ya jirani mkali, hununa; hutaka sehemu ya yule achekeshaye, na asipoipata haji tena mazoezini.

Na tumtazame Eric Campbell. Wazee wa Eastlands wazikumbuka sinema za bure zilizoonyeshwa uwanjani usiku, na Charlie Chaplin na kofia yake na fimbo yake. Nanyi mwamwona yeye yule katika simu. Lakini lile pande la mtu, lenye nyusi zilizopakwa rangi zikapanda juu kama pembe, limfukuzalo Chaplin mbio, ni nani kati yenu ajuaye jina lake? Katika sinema 12 ambazo Chaplin aliitengenezea kampuni ya Mutual mwaka 1916 na 1917, Campbell yumo katika 11. Katika ile iitwayo Easy Street, ya mwaka 1917, apinda nguzo ya taa kwa mikono yake ili aonyeshe nguvu. Chaplin, aliyevaa nguo za polisi, amrukia mgongoni, amvika taa kichwani, amfungulia gesi mpaka alegee. Nauliza, kicheko hicho ni cha nani? Lau mkubwa yule asingalitisha kweli kweli, udogo wa Chaplin usingalikuwa kitu. Tena sinema zile hazikuwa na sauti. Hasira yote ilibidi isomwe usoni na mabegani, na kuanguka kwake kuwe kwa kipimo, asije akamvunja mwenziwe mbavu.

Campbell alikufa kwa ajali ya motokaa tarehe 20 Desemba 1917, naye alikuwa na umri wa miaka 37. Majivu yake hayakuzikwa mpaka mwaka 1952. Miaka 35!

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Marekani. Katika Vioja Mahakamani, mchezo wetu wa televisheni, mshtakiwa hutuchekesha kwa sababu hakimu hacheki. Marehemu Gibson Gathu Mbugua, aliyekuwa kiongozi wa mashtaka, aliuliza maswali yake kwa uso mkavu, kana kwamba kesi ile ni ya kweli. Mwondoeni mtu kama huyo, mmwache mshtakiwa peke yake kizimbani: mtabaki na mtu apigaye kelele.

Nimekwisha kujibiwa kwamba watu huja kumtazama nyota, na fedha hufuata jina. Haya. Benson Wanjau alikuwa na jina. Ni mtoto gani wa Kenya asiyemjua Mzee Ojwang wa Vitimbi? Hata hivyo, kabla hajafariki tarehe 12 Julai 2015, ilibidi wananchi wachange fedha ili atibiwe macho. Ikiwa mwenye jina alifikia hapo, asiye na jina je? Vijana wa mitaa yetu hualikwa kuigiza katika sherehe. Mkubwa wa kundi hupewa bahasha, wenziwe hupewa soda, kisha huambiwa washukuru kwa kuwa wameonekana. Kuonekana hakununui unga.

Nataka karatasi ya mchezo ichapwe majina yote, hata la yule asiyesema neno, na mapatano ya malipo yaandikwe kabla ya mazoezi kuanza, ya askari na ya jirani pamoja. Nawe uliyepewa sehemu ya askari ukanuna, njoo Jumamosi. Kupigwa kofi ukaanguka chali bila kuumia ni kazi ya majuma mengi, na hatujaanza.