Tusikate kanga tukatupa jina

Ndugu zangu tunaoishi Dallas, Fort Worth na Houston, leo nataka tuzungumzie kanga, hasa zile tulizokuja nazo na ambazo zimelala masandukuni miaka nenda rudi.

Wamarekani wanapenda sana madaftari ya sanaa. Mtu anachagua kitu kimoja, tuseme kitambaa, anajaza kurasa kadhaa kwa vipande, rangi na maandishi yanayotokana na kitu hicho tu. Michaels, kampuni kubwa ya vifaa vya kazi hizo, ina makao makuu Irving, hapo hapo kati ya Dallas na Fort Worth, kwa hiyo gundi na karatasi si tatizo. Mimi nasema watoto wetu wapewe kanga.

Wapo watakaong'aka kwamba kukata kanga ni kuidharau. Lini haikukatwa? Kanga kuukuu imekuwa nepi, imekuwa tambara la jikoni. Tena huuzwa kwa doti, pande mbili zinazofanana. Kata mmoja, mwingine uweke.

Ninachokataa ni kuchukua maua ya katikati na pindo, halafu jina likatupwa eti mtoto hajui Kiswahili. Ukifanya hivyo umebaki na kitambaa cha maua tu. Jina ndilo linaloeleza kwa nini shangazi alimpa mama kanga ile na si nyingine. Ilikuwa pongezi au kijembe? (Mara nyingi kijembe, tusidanganyane.) British Museum kule London wanazo kanga zetu, na majina yake wameyanakili na kuyatafsiri. Sisi wenye lugha ndio tunayakata!

Basi jina likae juu ya ukurasa. Chini yake mtoto aandike, kwa Kiswahili chake hicho hicho cha kubabaisha, kanga ilitoka kwa nani, ilikuwa harusi au msiba, mwaka gani. Asipojua, apige simu nyumbani amuulize bibi, na bibi atafurahi.

Kanga mpya huchuja rangi, hivyo iloweke kwanza kwenye maji ya chumvi, ianike na kuipiga pasi kabla ya gundi. Halafu piga picha kila ukurasa utume kwa ndugu. Wenzetu wa Houston hawahitaji kuelezwa sababu: mafuriko ya kimbunga Harvey, Agosti 2017, yaliingia kwenye nyumba za watu wengi na kuharibu albamu na nguo. Ule upande wa pili wa doti ufunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uuweke juu kabisa kabatini.