Mvua Haioshi Sumu ya Vita

Huku Tura, mkoani Tabora, kuanzia stesheni hadi vijiweni, ukigusia mabomu yaliyolipuka Mbagala, Dar es Salaam, jibu ni moja: yale yalishapita, masika mangapi yamenyesha tangu siku ile, ardhi imeshajisafisha. Wanaosema hivyo ni watu wazima wenye busara zao, na wasomi wa mjini hawako nyuma. Imani hiyo ni ya hatari na naikataa yote.

Mvua haiondoi sumu ya silaha. Inaihamisha. Baruti ya TNT hunata kwenye udongo, lakini RDX, ambayo huchanganywa nayo katika mabomu mengi, hainati. Huteremka polepole pamoja na maji mpaka kule chini visima vinakochota. Madini ya risasi na zebaki ndiyo kabisa hayaozi, yanyeshewe mwaka mmoja au mia.

Wamarekani wanalijua hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza jeshi lao lilijaribia gesi za sumu kwenye viwanja vya American University, Washington, na vita vilipokwisha mabaki yakafukiwa hapohapo. Juu yake ukaota mtaa wa wenye fedha, Spring Valley. Januari 1993 wachimba mtaro wakafukua makombora, na baadaye udongo wa bustani za watu ukakutwa na aseniki. Ilikuwa imepita miaka 75 ya mvua na theluji, tena katika mji mkuu wa taifa tajiri. Na huko Ufaransa, karibu na Verdun, pako mahali palipochomewa makombora ya gesi baada ya vita hivyohivyo. Karne hii wataalamu walipopima, aseniki ilikuwa nyingi kiasi kwamba mimea michache tu ndiyo inayostahimili.

Vita hivyo havikutupita. Tabora ilitekwa na jeshi la Wabelgiji Septemba 1916, na mwaka huohuo Wajerumani walikuwa wakigonga sarafu mjini humo kwa shaba ya kuokoteza, yakiwamo maganda ya risasi. Vyuma vya vita ndivyo vilivyo: vinatoka vitani na kuingia mifukoni, jikoni, kwenye mizani ya mnunuzi wa chuma chakavu.

Kuna wanaosema Mbagala haikuwa vita. Ni kweli, yalikuwa maghala ya jeshi yaliyolipuka wakati wa amani, Mbagala tarehe 29 Aprili 2009 na Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011, na makumi ya watu wakafa. Lakini silaha zile zilitengenezwa kwa vita, na kilichotawanyika juu ya mapaa na mabonde ni kilekile kinachotawanyika vitani. Makombora yaliyosalia yaliokotwa kwa sababu yanaonekana. Kisichoonekana nacho kina haki ya kutafutwa.

Hoja ninayoichukia kuliko zote ni hii: mbona watu wanaishi pale na hawafi? Madini ya risasi hayaui kwa kishindo. Humpunguzia mtoto akili kidogo kidogo, naye mwalimu akamwita mvivu, mzazi akamchapa. Vijana wetu wanaohamia Dar es Salaam hutafuta viwanja huko pembezoni, kama Mbagala na Gongo la Mboto, kwa kuwa ndivyo wanavyovimudu. Wanachimba kisima, wanapanda mchicha, wanazaa.

Wala tusiambiwe haiwezekani. Vita vya Vietnam vilikwisha 1975; kazi ya kuusafisha udongo wenye dioksini katika uwanja wa ndege wa Da Nang ilianza 2012 na kumalizika 2018, kwa kuupasha udongo joto kali, huku Marekani iliyoleta sumu ikitoa fedha. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, tuna chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, tuna Mkemia Mkuu wa Serikali mwenye maabara. Visima vinavyozunguka kambi za jeshi za Mbagala na Gongo la Mboto vipimwe kila mwaka, masika na kiangazi, na majibu yabandikwe kwenye ofisi za serikali za mitaa, kwa Kiswahili, jina la kila kisima na kilichokutwa ndani yake.