Msituambie tena "ni ngozi tu"

Leo nimekuja na hasira kidogo, mtanisamehe.

Mie fundi cherehani. Nikishika futi kumpima mtu, naona yaliyofichwa na buibui. Karibuni alikuja dada mmoja kushonesha nguo ya harusi, akataka mikono mirefu mpaka kwenye viganja. Viwiko vyake vina mabaka yenye magamba meupe. Mteja mwengine alipoyaona, akajisogeza mwisho wa benchi. Dada wa watu akainamisha kichwa.

Ile ni soriasisi. Haiambukizi kwa benchi, kwa sahani wala kwa kushikana mikono. Ni kinga ya mwili inayojishambulia wenyewe.

Lakini kilichonishtua mie ni vidole. Kimoja kimevimba chote, kucha zina vishimo vishimo kama subana. Ananambia asubuhi hukaa zaidi ya nusu saa ndipo akunje ngumi. Kusuka ukili, kazi iliyokuwa ikimlisha, ameacha. Na miaka yote hiyo kila akienda kutibiwa hupewa mafuta ya kupaka: "Ni ngozi tu, dada."

Ngozi tu? Hadi watu 30 katika kila 100 wenye soriasisi hupata ugonjwa wa viungo unaotokana nayo, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Wenye soriasisi kali wamo katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari. Huzuni nzito nayo huwaandama, na sisi wa kujisogeza kwenye benchi tunaiongeza. Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba huu ni ugonjwa sugu, unaouma na unaolemaza. Sisi bado tunagawa mafuta!

Mtanambia madaktari wa ngozi ni wachache. Sawa. Kupima presha na sukari kunahitaji daktari wa ngozi? Kumuuliza mtu "viungo vinakuuma?" kunahitaji mashine?

Na nyie wauza mkorogo, muogopeni Mungu. Baadhi ya krimu hizo zina dawa kali za steroidi. Mtu huona nafuu, akiziacha ghafla ugonjwa hurudi kwa nguvu.

Wengine husema, "Ni mtihani, subiri." Subira si kukaa na maradhi bila tiba. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kujitibu.

Dada yangu mwenye mabaka, ukienda hospitali usioneshe viwiko peke yake. Onesha vidole, onesha kucha, sema kuhusu viungo kukakamaa asubuhi, sema kama hulali kwa mawazo. Taka upimwe presha, sukari na mafuta ya damu, na usiondoke mpaka upimwe.

Mikono mirefu nitakushonea, ukipenda. Lakini maumivu usiyafiche.