"Kali" Kiasi Gani?

Wahenga walinena kwamba pilipili usiyoila yakuwashiaje. Lakini ile tunayoinunua na kuila tuna haki ya kujua itatuwasha kiasi gani, na hapo ndipo naona wauzaji wa viungo wanatupunja. Pakiti moja imeandikwa "kali", nyingine "kali sana". Kali kwa nani? Kwa mtoto, kwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo, au kwa mzee wa Lamu aliyelelewa kwa achari?

Kipimo kipo, wala si cha jana. Mnamo 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, wa kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit, alitaka kujua nguvu ya pilipili inayotiwa katika dawa ya kuchua. Aliiloweka katika alkoholi, kisha akaizimua kwa maji ya sukari huku waonjaji wakionja, hadi mwasho ukawa unasikika kwa shida. Kadiri ya kuzimua huko ndiyo ikawa namba ya ukali. Pilipili hoho ni sifuri. Jalapeño ya Meksiko ni kati ya 2,500 na 8,000. Habanero, jamaa ya pilipili mbuzi yetu, hupita 100,000. Pepper X, iliyotangazwa mwaka 2023 kuwa kali kupita zote duniani, ilipimwa 2,693,000!

Ulimi, bila shaka, ni shahidi asiyeaminika. Huchoka na huzoea. Ndiyo maana siku hizi maabara hutumia mtambo unaopima kapsaisini, kemikali yenyewe inayowasha, kisha hesabu hugeuzwa kuwa namba za Scoville.

Watasema kwamba hata pilipili za mche mmoja hazilingani. Ni kweli, maana jua na maji huzibadilisha. Lakini kiwanda husaga magunia mengi na kuyachanganya. Kinashindwaje kupima unga wake kabla ya kuufunga? Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa lingefanya vyema kuagiza namba hiyo ichapishwe kando ya uzito.

Na isiishie dukani. Mkulima anayeuza pilipili kichaa kwa kilo, bila kujua ukali wa zao lake, atabishania bei vipi na mnunuzi aliyekwisha kulipima?