Fungueni Stoo

Wapo wanaoikumbuka PlayStation 2 kama utoto uliopotea. Ilitoka mwaka 2000. Kufikia 2013 uzalishaji wake ulikuwa umekoma, na Ulaya sasa ni pambo la kabatini. Kwetu haijapata fursa ya kuwa kumbukumbu. Juzi, jirani na soko la Mbuyuni, Moshi, nilimkuta kijana akisafisha lenzi ya mojawapo kwa pamba na spiriti. Ikawaka.

Nilipopanda Uru, shule moja ya sekondari ilinionesha stoo yenye kufuli: kompyuta zimerundikwa, zimebandikwa neno “chakavu”. Darasani, mwalimu anachora kibodi kwa chaki.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uagizaji wa kompyuta. Leo marufuku hiyo haipo, tuna kufuli. Mtanijibu kwamba Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 Oktoba 14, 2025. Ni kweli. Lakini Linux hupatikana bure, na matoleo yake mepesi huendesha mashine kuukuu.

Ndugu mtumishi wa umma, taratibu za kuondosha mali chakavu zimewekwa kuzuia wizi. Mali inayooza chini ya ulinzi wako nayo imeibwa, na walioibiwa ni wanafunzi. Kabla hujaandika “chakavu”, mwite fundi aikague.