Picha ya Nyololo, Kaburi la Busoka



Katika kijiji cha Busoka, humu humu wilayani Rungwe, liko kaburi la Daudi Mwangosi. Marehemu alikuwa mwandishi wa habari wa Channel Ten na mwenyekiti wa chama cha waandishi wa mkoa wa Iringa. Aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, alikokwenda kikazi. CHADEMA walikuwa wakifungua tawi, polisi walikuwa wamekataza mikusanyiko, na yeye alikuwapo ili sisi tusiokuwapo tupate kujua. Alipigwa bomu la machozi kwa karibu mno, akafa pale pale.

Hatuandiki haya ili kufukua msiba uliokwisha kuliliwa. Tunayaandika kwa ajili ya jambo lililofuata. Maelezo ya kwanza ya polisi yalidai kwamba marehemu alidhuriwa na kitu kilichotoka upande wa wafuasi wa chama. Katika miaka ya nyuma maelezo ya namna hiyo yangesomwa redioni jioni, yangechapwa gazetini kesho yake, na pengine ndiyo yangebaki kuwa historia. Lakini Nyololo kulikuwa na kamera. Picha, zikiwemo zile za Joseph Senga wa gazeti la Tanzania Daima, zilimwonyesha Mwangosi akiwa amezingirwa na askari, na silaha ya kurushia mabomu ya machozi ikiwa imemwelekea. Picha hizo hazikungoja basi la magazeti. Zilipita katika blogu na katika simu za watu, na anayetaka kusema vinginevyo ikambidi kwanza aeleze picha.

Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 15. Alikuwa askari wa cheo cha chini, na hakuna mkubwa wake aliyesimama kizimbani pamoja naye. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba picha inatosha kuleta haki yote. Hata hivyo, bila picha tungebaki na maelezo yale ya kwanza, na mama wa watu huko Busoka angezika mwana aliyesemekana kuuawa na wananchi wenzake.

Huo ndio mfano tunaouweka mbele yenu tunapouliza blogu zimeubadilisha vipi upashanaji habari, siasa na desturi katika nchi yetu.

Kwa wale ambao neno hili bado ni geni: blogu ni ukurasa katika intaneti ambao mtu mmoja anaweza kuuanzisha bila mtambo wa kuchapa, bila mhariri na karibu bila mtaji, akaandika na kuweka picha, na wasomaji wakamjibu hapo hapo. Katika Kiswahili njia hii ilifunguliwa mwaka 2004 na Ndesanjo Macha kwa blogu yake aliyoiita Jikomboe. Septemba 2005 mpiga picha wa Daily News, Issa Michuzi, alianzisha ya kwake akiwa Helsinki, nchini Finland, na Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni wakaifanya kijiwe chao cha picha za harusi, misiba na mikutano ya viongozi. Mwaka 2006 likaja jukwaa la JamiiForums, ambalo mwanzoni liliitwa JamboForums. Baadaye mikoa nayo ikapata zake. Kwetu wengi mnaikumbuka Mbeya Yetu.

Mkazi wa Tukuyu anaelewa uzito wa jambo hili kuliko mkazi wa Dar es Salaam. Kati yetu na mitambo ya magazeti kuna kiasi cha kilomita 900. Gazeti lilikuwa likifika limekwisha kuchakaa, nakala chache, na habari za Rungwe zilikuwamo endapo tu kiongozi wa kitaifa amepita au gari limeanguka. Bei ya jani bibi la chai, madai ya wakulima wa ndizi na viazi juu ya vipimo vya lumbesa, michango ya zahanati isiyojulikana ilikokwenda: hayo hayakuwa habari. Blogu ilimpa mtu wa Katumba au Lwangwa uwezo wa kuwa mwandishi wa kijiji chake.

Katika siasa badiliko lilionekana upesi. Miaka ya 2007 na 2008, wakati nchi ilipojadili Richmond, fedha za EPA na mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, nyaraka na hoja zilipitia mtandaoni ambako hakuna mhariri aliyeogopa kupoteza matangazo. Februari 2008, mwezi ule ule ambao Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, waanzilishi wa jukwaa hilo, Maxence Melo na Mike Mushi, walikamatwa na polisi. Wenye mamlaka walikuwa wameanza kuisoma kalamu hii mpya, na hawakuipenda.

Kuhusu desturi, tuseme wazi, hatukupata faida tupu. Hapa Unyakyusa habari ya kifo ina adabu yake. Hutumwa wazee, huingia nyumbani, huketi, huuliza habari za watoto na ng'ombe, na wakati wanafika kwenye neno lenyewe tayari kuna majirani mlangoni wa kumshika mjane. Mwandishi wa tahariri hii ameingia katika nyumba moja kando ya barabara ya Uyole kwenda Kasumulu akiwa mmoja wa waliotumwa kwa kazi hiyo, akamkuta mama amekwisha kuuona mwili wa mumewe katika simu ya kijana wa jirani, ukiwa bado umebanwa ndani ya gari. Picha ilikuwa imewekwa mtandaoni chini ya saa moja baada ya ajali. Aliyeiweka hakuwa mtu mbaya. Alidhani anatoa habari. Kamera ile ile iliyotetea ukweli kule Nyololo ilimvunjia mama huyu heshima ya kulia kwanza ndani ya nyumba yake.

Basi tusizungumze kana kwamba mwanablogu ni malaika. Tumekuwa na kesi mbele ya Tume yetu inayofaa kusimuliwa, bila majina. Kijana mmoja wa eneo la chai, aliyemaliza kidato cha nne, alikuwa na blogu ndogo aliyoiandika kwa simu. Mwaka 2017 aliandika kwamba michango ya zahanati ya kijiji chao imeliwa, akamtaja mtunza fedha kuwa mwizi. Mtunza fedha akaja kwetu akilia. Tuliwaita wote wawili, tukaomba daftari na stakabadhi. Ilichukua Jumamosi tatu. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya fedha ilinunua mabati yaliyokuwa yamehifadhiwa katika stoo ya shule, jambo ambalo hakuna aliyewaambia wananchi. Na sehemu nyingine, ndogo lakini si ya kupuuzwa, haikuwa na stakabadhi yoyote. Kijana alikuwa amekosea nusu na amesema kweli nusu. Aliandika sahihisho na kuomba radhi kwa neno mwizi. Mkutano mkuu wa kijiji nao uliitishwa, wa kwanza baada ya zaidi ya mwaka mmoja, ijapokuwa utaratibu wa serikali za mitaa unadai ukutane kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi.

Angalieni kilichomrekebisha kijana huyu. Ni daftari, stakabadhi, na kukaa uso kwa uso na mtu aliyemwandika. Na angalieni kilichomnyamazisha mwaka uliofuata. Machi 2018 serikali ilitangaza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zikimtaka kila mwenye blogu kuwa na leseni: shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni na shilingi 1,000,000 nyingine za kila mwaka. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Mashirika ya kutetea haki yalikwenda Mahakama Kuu kule Mtwara kuzipinga, yakapata zuio la muda, lakini kanuni zikaendelea. JamiiForums yenyewe ilisimama kwa muda mwezi Juni mwaka ule. Kijana wetu alipiga hesabu: shilingi 2,100,000 kwa mwaka wa kwanza, naye huuza chai ya mlimani kwa kilo. Akafuta kila alichoandika, pamoja na sahihisho lile.

Kanuni hizo zilitungwa upya mwaka 2020, na ada zikaja kupunguzwa. Hilo ni jema na tunalitambua. Lakini kijana hakurudi. Na hakuwa na leseni peke yake ya kuogopa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 16, inaadhibu habari za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Uongo ni uovu, na Amri ya Nane haikungoja Bunge. Swali letu ni nani anayepima. Mkulima anayeandika kwamba fedha zimepotea hana daftari mkononi. Daftari liko kwa yule anayemlalamikia. Akikosea nusu, kama kijana wetu, anaweza kuadhibiwa kwa nusu hiyo, na ile nusu ya kweli ikazikwa pamoja naye.

Wako wanaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa vijana wamehamia WhatsApp, Instagram na YouTube. Ni kweli blogu nyingi za miaka ile zimekauka. Hata hivyo kilichohama ni chombo. Mazoea ya raia kuandika na kujibu yamebaki, na mkono unaoyadhibiti umebaki pia. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Septemba mwaka huo huo leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, wakati ambapo machafuko na vifo vilikuwa vikitokea katika miji yetu.

Tulioishi siku zile tunakumbuka. Wazazi wa hapa wenye watoto Mbeya mjini na Dar es Salaam walikuja parokiani kuuliza kama padre amesikia lolote. Padre hakuwa amesikia lolote. Palipokosekana habari, uvumi ulikaa kwenye kiti chake: kila aliyeshuka kwenye gari stendi alikuwa na idadi yake ya waliokufa, na hakuna aliyeweza kumsadiki wala kumkanusha. Serikali husema inazuia mtandao ili kuzuia uongo. Kwa tuliyoyaona, siku zile uongo ulistawi kuliko kawaida, na kilichozuiliwa ni picha ambayo ingeweza kuupima.

Tume inakusudia kuanza na kidogo kilicho ndani ya uwezo wake. Kuanzia mwezi ujao, kila jumuiya ndogondogo inaombwa kuchagua watu wawili, ikiwezekana mmoja awe kijana na mmoja mama, watakaohudhuria mkutano mkuu wa kijiji chao na kuandika kwenye daftari mapato na matumizi kama yalivyosomwa, au kuandika kwamba hayakusomwa. Wasiandike neno mwizi. Waandike tarehe, kiasi, na jina la ofisi iliyosema. Wenye simu wapige picha ya taarifa iliyobandikwa ubaoni, kama ipo. Picha za maiti na za majeruhi wasizisambaze kabisa. Atakayekuwa na ushahidi wa uhalifu autunze na auwasilishe panapostahili, akiwa na mtu wa Tume pamoja naye kama anaogopa.

Daftari zitapokelewa katika ofisi ya parokia kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya misa ya asubuhi. Kijana wa eneo la chai amekubali, baada ya kubembelezwa sana, kuwafundisha wengine namna ya kuandika sahihisho.